Kesi Huamuliwa Rufaa ya Kwanza, Sisi Tunatazama ya Mwisho

"Nilimtambua kwa sababu kulikuwa na mwanga." Maneno kama hayo yamo katika majalada mengi ya unyang'anyi wa kutumia silaha nchini Tanzania, na ukiyasoma harakaharaka huoni kasoro. Mtu kavamiwa usiku, kaporwa, kamwona mwizi, kamtaja. Hakimu kamwamini, mshtakiwa kapigwa miaka 30. Miaka inapita, majaji watatu wa Mahakama ya Rufani wanafungua ukurasa uleule na kuuliza: mwanga wa nini? Koroboi? Karabai? Tochi ya mwizi mwenyewe? Taa ya umeme iliyokuwa ikiwaka barazani ilhali tukio limetokea chumbani? Ulikuwa mkali kiasi gani? Shahidi alikuwa umbali gani na mvamizi, alimtazama kwa muda gani, alimfahamu tangu zamani au ndiyo kwanza amwone? Mwendesha mashtaka asipouliza, shahidi hasemi. Shahidi asiposema, hakimu hana cha kuandika. Mrufani anatoka.

Majaji hawakujitungia maswali hayo siku ya kusikiliza rufaa. Yaliwekwa katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri la mwaka 1980, mahakama yenyewe ikiwa na umri wa mwaka mmoja. Msimamo wake ni kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho, hasa usiku, ni wa aina dhaifu kabisa, na mahakama isiutegemee hadi ijiridhishe kwamba hapakuwa na nafasi ya kumfananisha. Zaidi ya miaka 40 imepita, uamuzi huo unafundishwa kwa kila anayesomea sheria, na bado mashahidi wanasimama kizimbani, wanasema kulikuwa na mwanga, na hakuna anayewauliza zaidi.

Habari ya mtu wa aina hiyo kuachiwa ikifika WhatsApp, maoni huwa ya namna mbili. Wapo wanaosema kuna mtu kala hela. Wapo wanaosema kumbe jamaa alibambikiwa. Mara nyingi yote mawili yanakosea shabaha. Mahakama ya rufaa haimwoni shahidi. Haijui kama alikuwa akitetemeka, kama aliangalia chini alipotajiwa jina la mshtakiwa, kama alijibu kwa haraka ya mtu aliyekariri. Inachokiona ni karatasi: hati ya mashtaka, mwenendo wa shauri kama hakimu alivyouandika, vielelezo, hukumu, na hoja za mrufani. Ikisema mtu aachiwe, imesema kwamba karatasi hizo hazikuthibitisha kosa pasipo kuacha shaka. Kama kweli alifanya au hakufanya, hilo ni jambo jingine, na majaji hawadai kulijua.

Kuna kanuni inayosema hakimu aliyemwona shahidi ndiye mwenye nafasi nzuri ya kupima ukweli wake. Watu wengi, hata mawakili wengine, huitumia kama ukuta: hakimu kaamini, basi. Mahakama ya Rufani imeibomoa nusu ya ukuta huo zamani. Imesema ukiritimba wa hakimu unahusu mwonekano wa shahidi tu. Ukweli wa shahidi unaweza kupimwa pia kwa kuangalia kama maneno yake yenyewe yanashikamana, na kama yanaoana na ya mashahidi wengine, mshtakiwa akiwemo. Njia hizo mbili hazihitaji kumwona mtu. Jaji anaweza kuzifanya akiwa ofisini kwake na kalamu, na hapo ndipo hoja yangu inapoanzia.

Tunapozungumzia rufaa tunaruka moja kwa moja hadi juu, tunaitazama Mahakama ya Rufani kana kwamba ndiyo inayopima kesi upya. Kwa mashauri mengi ya jinai, haipimi. Kesi ya unyang'anyi au ya ubakaji huanzia Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, rufaa ya kwanza inakwenda Mahakama Kuu, na ya pili ndiyo inayofika Mahakama ya Rufani. Sheria ya Mamlaka ya Rufani inaifunga ngazi hiyo ya pili katika masuala ya sheria. Mahakama mbili za chini zikishakubaliana juu ya ukweli fulani, kwamba fulani alikuwepo, kwamba panga lile ni lake, majaji wa Rufani hawaugusi ila pale walipoona ushahidi ulieleweka visivyo, au kanuni ya sheria ilivunjwa, au haki ilipotea. Maana yake ni kwamba mahali pa mwisho ambapo ushahidi wako una haki ya kupimwa upya wote, neno kwa neno, ni rufaa ya kwanza.

Na huo ni wajibu wa jaji, wala si hisani yake. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki, ile iliyokuwa ikihudumia Tanganyika, Kenya na Uganda, ilisema hivyo katika kesi ya Pandya mwaka 1957, ikarudia katika kesi ya Okeno iliyotoka Kenya mwaka 1972. Mrufani wa kwanza ana haki ya kutarajia kwamba ushahidi wote utachambuliwa upya, kwa jicho la uchunguzi, na kwamba mahakama ya rufaa itafikia hitimisho lake yenyewe. Haitoshi kutafuta kama kuna kitu kwenye jalada kinachoweza kuunga mkono hukumu ya chini. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka 1977, kila nchi ikabaki na mahakama yake, Tanzania ikaanzisha ya kwake mwaka 1979. Pandya na Okeno wamebaki. Mpaka leo wananukuliwa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam kama vile mahakama iliyowatoa haijafa.

Tatizo ni kwamba kunukuu ni rahisi kuliko kutenda. Zipo hukumu za rufaa ya kwanza zinazofuata mtiririko mmoja: aya tatu za historia ya kesi, hoja za mrufani, majibu ya wakili wa Serikali, kisha jaji anasema amepitia mwenendo na ameridhika kwamba hakimu alikuwa sahihi. Amepitia vipi? Alipima nini dhidi ya nini? Utetezi wa mshtakiwa ulikwenda wapi? Unaweza kusoma hukumu ya namna hiyo hadi mwisho usijue kwamba mshtakiwa alisema usiku ule alikuwa safarini. Mahakama ya Rufani ikikutana na kazi ya aina hii husema kwamba mahakama ya rufaa ya kwanza haikutimiza wajibu wake, kwamba kutozingatia utetezi ni kosa la kisheria, na kwamba kwa hiyo inaingia yenyewe katika viatu vya Mahakama Kuu na kuupima ushahidi. Kwa mlango huo wa pembeni, rufaa ya pili inageuka kuwa ya kwanza. Mrufani anapata haki aliyostahili kuipata zamani, akiwa ameshatumikia miaka ambayo hakuna atakayemrudishia.

Hebu tazama pia namna ngazi zenyewe zilivyokaa. Mwizi wa kuku aliyehukumiwa Mahakama ya Mwanzo anaweza kwenda Mahakama ya Wilaya, kisha Mahakama Kuu, na kama Mahakama Kuu itathibitisha kwamba kuna suala la kisheria, hata Mahakama ya Rufani: rufaa tatu. Aliyefungwa miaka 30 kwa kupora simu kwa kisu ana mbili. Aliyehukumiwa kunyongwa kwa mauaji ana moja tu, kwa sababu kesi yake ilianzia Mahakama Kuu. Kadiri adhabu inavyokuwa nzito ndivyo macho ya kuipitia yanavyopungua. Angalau huyu wa mauaji anapewa wakili kwa gharama ya Serikali, na kwake Mahakama ya Rufani ni rufaa ya kwanza, kwa hiyo inalazimika kupima kila kitu. Yule wa miaka 30 kwa kawaida hana wakili, si kortini alipohukumiwa, si Mahakama Kuu.

Mtu huyo ana siku 10 tangu hukumu kutoa taarifa ya kusudio la kukata rufaa, na siku 45 kuwasilisha rufaa yenyewe. Siku 10 hizo anazitumia akiwa mfungwa mpya wa kifungo kirefu, hajazoea hata jina la bweni lake. Hoja za rufaa huandikwa gerezani, mara nyingi kwa msaada wa mfungwa mwenzake ambaye kwa kukaa sana amekuwa mwanasheria wa gereza. Ndiyo maana nyingi zinafanana: kwamba hakimu alikosea kisheria na kiushahidi kumtia hatiani bila upande wa mashtaka kuthibitisha kosa, kwamba gwaride la utambulisho, la kumpanga mshtakiwa mstarini na wengine ili shahidi amchague, halikufanyika, kwamba mashahidi ni wa familia moja. Nyingine hazihusiani kabisa na kesi yake. Hoja iliyokuwa imtoe, ambayo iko ukurasa wa 14 wa mwenendo, hajaiona, kwa sababu mwenendo wenyewe kaupata baadaye, na kwa miaka mingi uliandikwa kwa Kiingereza ilhali ushahidi wote ulitolewa kwa Kiswahili. Sheria ilibadilishwa mwaka 2021 kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, lakini rufaa zinazosikilizwa bado zinabeba majalada ya miaka ya nyuma.

Keti siku moja kwenye kikao cha Mahakama ya Rufani kinapokuwa mkoani, Tabora au Mwanza au Mbeya. Mrufani anaingizwa na askari magereza. Anaulizwa kama yuko tayari. Anasema waheshimiwa majaji, naomba hoja zangu zipokelewe kama zilivyoandikwa, wakili wa Serikali aanze, nami nitajibu itakapohitajika. Karibu wote husema hivyo, kwa maneno hayohayo. Ni mbinu ya busara kuliko inavyoonekana. Wakili wa Serikali anasimama, na mara nyingine anasema jambo ambalo mtu wa nje hawezi kulitarajia: tunaiunga mkono rufaa hii. Anaeleza kwamba kielelezo kilisomwa mahakamani kabla hakijapokelewa, au kilipokelewa kisha hakikusomwa kabisa, kwamba kikiondolewa kinachobaki hakitoshi. Jaji anageuka kwa mrufani. Unasemaje? Mrufani, ambaye miaka yote ameandika kuhusu gwaride la utambulisho, hana la kusema. Kesi yake imeshinda kwa hoja ambayo hakuijua, iliyotolewa na mtu aliyelipwa kumpinga.

Naliheshimu hilo. Wakili wa Serikali anayekubali kosa la upande wake anafanya kazi yake kwa heshima. Lakini swali linabaki: kosa hilo lilikuwa kwenye jalada siku ya rufaa ya kwanza. Wakili mwingine wa Serikali alilisoma jalada hilohilo Mahakama Kuu. Jaji naye alilisoma. Mwenye wakili mzuri hafiki mbali hivi. Viongozi wa chama cha upinzani cha CHADEMA waliotiwa hatiani Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu, Dar es Salaam, mwaka 2020 na kutozwa mamilioni ya faini walishinda Mahakama Kuu mwaka uliofuata. Lengai Ole Sabaya, aliyekuwa Mkuu wa Wilaya ya Hai, alihukumiwa miaka 30 Arusha Oktoba 2021, na Mei 2022 Mahakama Kuu ikaifuta hukumu hiyo. Sina ugomvi na matokeo ya kesi hizo. Ninachosema ni kwamba zinaonyesha rufaa ya kwanza inaweza kufanya kazi, tena kwa kasi, pale mrufani anapokuwa na mtu wa kumwonyesha jaji ukurasa.

Sasa tuje kwenye lawama kubwa, ile ya watu kuachiwa "kwa teknikali", yaani kwa kasoro za utaratibu. Lawama hii ina ukweli ndani yake, na sioni faida ya kuizunguka. Mfano unaouma zaidi ni wa ushahidi wa watoto. Mwaka 2016 Bunge lilibadilisha kifungu cha 127 cha Sheria ya Ushahidi. Zamani hakimu alilazimika kumhoji mtoto kwanza kuona kama anaelewa maana ya kiapo. Sheria mpya ikasema mtoto anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, ila kwanza aahidi kusema kweli na kutosema uongo. Lengo lilikuwa kurahisisha. Kilichofuata ni kwamba mahakimu wengine waliendelea na utaratibu wa zamani, wengine waliandika tu kwamba mtoto ana akili za kutosha, na ahadi yenyewe haikuonekana kwenye mwenendo. Mahakama ya Rufani ikasema ushahidi usio na ahadi hauna thamani, ikauondoa. Ushahidi wa mtoto ukiondoka, kwenye kesi nyingi za ubakaji hakibaki kitu. Waliotiwa hatiani wakatoka.

Kwa maoni yangu mahakama ilikwenda mbali mno hapo. Sentensi moja ambayo hakimu alisahau kuiandika haiwezi kuwa na uzito kuliko mtoto aliyesimama, akaeleza, akaulizwa maswali na mshtakiwa, na akabaki pale pale. Maamuzi ya baadaye ya mahakama hiyohiyo yametafuta njia ya kati, na ni vizuri. Lakini wanaotaka majaji wafumbe macho moja kwa moja wajiulize upande wa pili. Kielelezo cha dawa za kulevya kilichopita mikononi mwa watu watano bila karatasi ya makabidhiano nacho huitwa teknikali. Siku unga uliopimwa na Mkemia Mkuu ukiwa si ule uliokamatwa mfukoni mwa mwanao, utaliita jambo hilo kwa jina jingine.

Wazee wa baraza nao walikuwa na sura yao. Kwa miongo mingi kesi za mauaji zilisikilizwa na jaji akiwa na wazee wa baraza, raia wa kawaida wanaokaa naye kumpa maoni, na jaji alitakiwa kuwafafanulia sheria kabla hawajatoa maoni. Hukumu baada ya hukumu ilibatilishwa kwa sababu jaji hakuwaeleza hoja fulani, tuseme ya kujihami au ya ulevi, au aliwaacha wamhoji shahidi kama vile wao ni upande wa kesi. Maoni yao hayakumfunga jaji hata kidogo. Kwa hiyo kesi nzima ilirudi mwanzo, mashahidi wakatafutwa tena, wengine wamehama, wengine wamekufa, kwa kosa la kutowaeleza vizuri watu ambao jaji alikuwa huru kutowasikiliza. Sheria ilibadilishwa mwaka 2022, na kuwaita wazee wa baraza Mahakama Kuu si lazima tena. Bunge lilichelewa.

Na kurudisha kesi mwanzo kwenyewe kuna kanuni. Uamuzi wa Fatehali Manji wa mwaka 1966 unasema kesi isikilizwe upya pale tu usikilizwaji wa kwanza ulipokuwa batili au na kasoro. Isirudishwe kwa sababu ushahidi ulikuwa haba, wala kuupa upande wa mashtaka nafasi ya kuziba mapengo yake. Ndiyo maana wakati mwingine utaona mahakama imekiri kwamba mwenendo ulikuwa batili na bado ikamwachia mtu, badala ya kuamuru kesi ianze upya. Majaji wametazama wakaona hata ikianza upya hakuna cha kumtia mtu hatiani, au amekaa ndani muda mrefu kiasi kwamba kumrudisha kizimbani kungekuwa kumwadhibu mara mbili.

Kesi ambayo karibu kila Mtanzania aliifuatilia ngazi zake zote ni ya mwanamuziki Nguza Viking, maarufu kwa jina la Babu Seya, na wanawe, walioshtakiwa kwa ubakaji wa watoto. Mwaka 2004 walihukumiwa kifungo cha maisha Kisutu. Mwaka 2005 Mahakama Kuu ikaitupa rufaa yao. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikawaachia wana wawili na kuwabakiza Babu Seya na mwanawe Papii Kocha. Watu walishangaa: kesi moja, mashahidi walewale, iweje wawili watoke? Lakini ndivyo rufaa ya jinai inavyotakiwa kufanya. Kila mrufani anapimwa peke yake, ushahidi unaomgusa mmoja haumbebi mwenzake kwa sababu tu ni ndugu. Kwa waliobaki, ombi la kuitaka mahakama ipitie hukumu yake yenyewe lilikataliwa mwaka 2013. Mapitio ya aina hiyo ni mlango mwembamba: lazima uonyeshe kosa la wazi linaloonekana kwenye hukumu bila kuhitaji hoja ndefu, au kwamba hukusikilizwa, au kwamba hukumu ilipatikana kwa udanganyifu, na sababu nyingine chache. Kutoridhika hakumo.

Kilichokuja baadaye kilitoka nje ya ngazi hizo. Desemba 9, 2017 Rais Magufuli aliwasamehe. Msamaha unafungua geti tu, haufuti kutiwa hatiani. Machi 2018 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyoko Arusha, ikatoa hukumu kwamba baadhi ya haki zao za kusikilizwa zilikiukwa. Mahakama hiyo imerudia mara nyingi kwamba si mahakama ya rufaa juu ya mahakama za nchi. Inachotazama ni kama mkataba wa haki za binadamu ulifuatwa. Hata mlango huo kwa Mtanzania wa kawaida umefungwa sasa, baada ya Serikali mwaka 2019 kuondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kushtaki huko moja kwa moja. Kwa hiyo tumerudi palepale: kilichokosekana Mahakama Kuu hakina pengine pa kutafutwa.

Upande wa madai, hasa ardhi, mambo yana sura nyingine ila ugonjwa ni uleule. Kipimo ni chepesi zaidi. Anayedai lazima athibitishe, na atashinda kama mizani imeelemea kwake, hata kwa kidogo. Wajibu wa rufaa ya kwanza haubadiliki. Kesi ya Selle ya mwaka 1968 ndiyo Pandya ya mashauri ya madai. Jaji atapima upya ushahidi akikumbuka tu kwamba hakuwaona mashahidi. Fidia ya jumla hataigusa kwa sababu yeye angetoa pungufu. Ataigusa kama aliyeitoa alitumia kanuni isiyo sahihi au kiasi chenyewe hakiingii akilini.

Shida ni kile kinachotangulia. Katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya mwenyekiti hukaa na wajumbe, na maoni ya wajumbe yanatakiwa yaandikwe na yasomwe mbele ya wadaawa, yaani pande zinazogombana, kabla ya hukumu. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani ilianza kutoa mfululizo wa maamuzi kwamba maoni yasiposomwa, mwenendo mzima ni batili. Fikiria watu wawili wanaogombea ekari tano. Wametoka baraza, wamekwenda Mahakama Kuu, wamefika Rufani wakiwa na mawakili na deni la mawakili. Hoja zao ni nani aliuziwa na nani alirithi. Majaji wanawauliza: maoni ya wajumbe yako wapi? Hayamo. Shauri linarudi kwa mwenyekiti mwingine na wajumbe wapya, kila upande ubebe gharama zake. Aliyeuza shamba amefariki. Mpaka wa miti umekatwa.

Katiba, ibara ya 107A, inazitaka mahakama zitende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Mwaka 2018 huohuo Bunge liliongeza kwenye Sheria ya Mamlaka ya Rufani kifungu cha kuitaka mahakama imalize mashauri kwa haki, haraka na kwa gharama nafuu. Mawakili walidhani mvua imenyesha. Mahakama ikawakumbusha mapema kwamba kifungu hicho hakifuti masharti ya lazima, na mwenye kuchelewa bado anatakiwa aeleze kila siku ya kuchelewa kwake. Nadhani iko sawa. Mpinzani wako naye ana haki ya kujua shauri limekwisha.

Kitu kimoja ambacho wadaawa wengi hukijua wakati dalali wa mahakama keshafika uani: kukata rufaa hakuzuii utekelezaji wa hukumu. Lazima uombe zuio, ndani ya siku 14 tangu ulipopata taarifa ya utekelezaji, uonyeshe hasara kubwa utakayopata, na uweke dhamana. Mwenye nyumba moja anaweka dhamana gani? Mara nyingi nyumba hiyohiyo.

Mwishoni mwa 2023 sheria ililegezwa: mtu anayetaka kwenda Mahakama ya Rufani katika shauri la madai hahitaji tena kuomba ruhusa kwanza, isipokuwa yale yaliyoanzia Mahakama ya Mwanzo ambayo bado yanahitaji hati ya kuthibitisha suala la kisheria. Wengi walishangilia, na kweli maombi ya ruhusa yalikuwa yakila miaka miwili kabla hujaanza kuzungumza kesi. Lakini ukipanua mlango wa juu bila kugusa wa katikati, unapandisha juu majalada ambayo yangemalizwa chini.

Fedha na watu wangeelekezwa kwenye rufaa ya kwanza. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 ipo, na Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia imepiga mahema mikoani kusikiliza migogoro ya ardhi na ndoa. Kila aliyefungwa miaka 30 au maisha na asiye na wakili apewe mmoja Mahakama Kuu, si kwa maneno mengi, kwa kikao kimoja cha kusoma mwenendo na kuandika hoja zinazoendana nao. Mahakama imeanza kufunga mifumo ya kielektroniki ya kusajili mashauri na kunakili yanayosemwa kortini. Ianze na mahakama za wilaya zinazosikiliza makosa ya vifungo virefu, kabla ya kumbi kubwa za Dodoma na Dar es Salaam. Na jaji wa rufaa ya kwanza aandike ni shahidi gani alimwamini, kwa nini, na utetezi aliukataa kwa sababu ipi. Kurasa nne za ziada zinatosha.